Mbwa Aliyefundishwa Nusu Somo

Paliondokea kijana mmoja huko Kamina, mji mkuu wa Haut-Lomami, akikaa kartié ya karibu na stesheni, pale reli itokayo Lubumbashi inapogawanyika, mkono mmoja ukienda Ilebo na mwingine Kabalo hadi Kalemie. Alikuwa na mbwa dume wa kienyeji, rangi ya udongo, masikio wima, mkia umejikunja mgongoni, umri wake miezi saba. Alimwita Tutaona, na majirani walijua vizuri jina hilo linamsemesha nani.

Kijana aliona kwenye simu mbwa wa Ulaya wakiruka viunzi, bwana wao akikimbia pembeni na watu wakipiga makofi. Akasema, na mimi nitafanya hapa hapa lupangoni. Vifaa havikumsumbua. Alipanga matofali ya kuchoma huku na huku, akalaza juu yake chuma cha betoni, kisha akakifunga kwa waya kisianguke.

Waya huo ndio ulioharibu mambo, kuliko hata urefu wa kiunzi. Katika mchezo wenyewe fito huwekwa tu juu ya vishikizo, na mbwa akiigusa kwa ukucha inaanguka. Anayeruka hupoteza alama, mguu wake unabaki salama. Mchezo huu ulionyeshwa mara ya kwanza London mwaka 1978, kwenye maonyesho ya mbwa yaitwayo Crufts. John Varley alitakiwa atafute kitu cha kuwachangamsha watazamaji wakati wa mapumziko, akaazima wazo kwa farasi wanaoruka vizuizi, na Peter Meanwell akawafundisha mbwa. Kwa hiyo tusimlaumu sana kijana wetu kwa kupenda kutazamwa. Mchezo wenyewe ulizaliwa kwa ajili ya macho ya watu. Ila wenye mchezo baadaye waliweka sheria. Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, halimruhusu mbwa kushindana kabla ya miezi 18, na hata mbwa wa kundi la wakubwa kabisa fito yake haizidi sentimita 60.

Tutaona hakuwa na sheria. Alikuwa na vipande vya bukari vilivyochovywa kwenye mchuzi wa samaki. Kijana alirusha kipande ng'ambo ya chuma, mbwa akaruka, akala. Siku ya pili hakungoja hata kipande kirushwe: alisikia harufu tu, huyo, amekwisha kuruka. Kijana alifurahi kweli kweli. "Munaona? Hata sijamwambia!"

Watoto wa kartié walikuja kutazama. Chuma kilipokuwa usawa wa goti walicheka, basi kikapanda. Ilikuwa Julai, kiangazi, na ua uliofagiwa kila asubuhi ulikuwa mgumu kama sakafu. Mjomba wake, mzee aliyewahi kuwinda na mbwa, alikuwa amekaa kwenye kiti chake akitazama mbwa anavyotua, miguu ya mbele ikipokea uzito wote.

"We mwana," alisema, "lalisha hiyo chuma chini. Imbwa yako ingali mutoto. Ivuke kwa kutembea kwanza."

"Mjomba, nani atakuja kuangalia imbwa inavuka chuma ya chini?"

Mzee hakujibu. Alikuwa akiwajua mbwa wa nchi hii. Wale wa misitu ya Kongo, wasiobweka kama wengine, huvalishwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji ajue walipo, na katika nyasi ndefu huruka juu wapate kuona. Wazungu waliwapenda wakawapeleka Uingereza, na mwaka 1937 walionyeshwa Crufts hiyo hiyo, miaka mingi kabla ya viunzi. Lakini mbwa anayeruka nyasini hupima mwenyewe, tena hutua kwenye udongo laini.

Baada ya siku kadhaa Tutaona alianza kuzunguka kiunzi badala ya kukiruka. Siku nyingine alifika mbele yake, akasimama, akanusa chini. Mwenye kujua mbwa angesimamisha kazi pale pale, kwa sababu mbwa aliyekuwa akiruka kwa hamu hakatai bure: ama anaumwa, ama ameona kimo kimemshinda. Kijana alisema ni uvivu. Aliziba pande zote mbili kwa viti, akamfunga kamba, akavuta.

Mguu ulinasa kwenye chuma. Chuma hakikuanguka.

Mganga wa mifugo alipapasa mguu wa mbele, akabonyeza juu kidogo ya kifundo, mbwa akalia. Akaeleza kwamba karibu na ncha za mfupa wa mbwa mchanga kuna sehemu laini ambako mfupa unarefukia. Kwa mbwa wa kimo cha kawaida sehemu hiyo hukaza karibu na kutimiza mwaka, kwa wakubwa huchelewa zaidi, na ikiumia mapema mguu waweza kukua umepinda. Akaamuru apumzike, asiruke kitu.

Mguu ulipona, kwa bahati. Somo la bukari nalo lilikuwa halijamtoka. Ukuta wa jirani ulifika kiunoni tu, na nyuma yake Mama mwenye nyumba alikuwa ameanika ndagala juu ya mkeka. Tutaona alisikia harufu. Hakungoja kuambiwa, maana ndivyo alivyofundishwa.

Kesi ilifika kwa chefu wa kartié. Swali lake la kwanza halikuhusu samaki: alitaka kujua kama mbwa amechanjwa kichaa, kwa kuwa anayeruka kuta za watu kesho atamkuta mtoto. Hakuwa amechanjwa. Kijana aliamriwa kumchanja na kulipa ndagala zote.

Jioni ile Mjomba alikata waya. Akakilaza chuma chini, akamkalisha mbwa mbele yake, akainua kiganja. Mbwa alipojaribu kunyanyuka, mzee alificha chakula. Alipotulia, alipewa palepale alipokaa, si ng'ambo. Kisha wakavuka pamoja kwa kutembea. Watoto walichungulia, wakaona hakuna cha kutazama, wakaenda kwenye mpira.

"Chuma itapanda lini, Mjomba?"

"Imbwa ikimaliza mwaka na nusu, tena kidogo kidogo, na bila waya. Sasa twaa kikapu, uende stesheni ubebe mizigo ya watu. Mama anangoja ndagala yake."