Nani Alisema Lazima Iume?

Kuna imani moja ambayo wengi wetu tumelelewa nayo: kitu kikiuma, ndicho cha kweli. Mazoezi yasipokuacha ukichechemea kesho yake, hukufanya kitu. Kazi isipokunyima usingizi, hiyo si kazi. Mtu akisema kiti ni kigumu, ati amedekezwa. Tunarudia kwamba mvumilivu hula mbivu, na hatuulizi ni nani aliyekuwa akila mbivu hizo wakati mwenzake akivumilia.

Nataka kuijaribu imani hiyo kwenye kitu ambacho pengine hujawahi kukivaa: hanesi ya windsafingi. Najua, utasema huo ni mchezo wa wenye pesa. Ngoja kidogo. Swali zito wakati mwingine huonekana vizuri kwenye kitu kidogo, na swali lenyewe ni hili: kutafuta starehe ndani ya jambo gumu ni udhaifu, au ni wajibu?

Kwanza tuelewane. Windsafingi ni kusimama juu ya ubao wenye mlingoti na tanga, na mlingoti wenyewe unainama kila upande kwa sababu umeshikwa na kiungo kinachopinda. Hoyle Schweitzer na Jim Drake waliomba hataza yake Marekani mwaka 1968, na kufikia 1984 mchezo huo ulikuwa kwenye Olimpiki za Los Angeles. Unashika mpini wa tanga kwa mikono miwili, upepo unakuvuta, nawe unauvuta. Shida ni kwamba kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake kwenye tanga huongezeka mara nne. Mikono ya binadamu haina hesabu hiyo. Baada ya muda vidole vinaanza kufunguka vyenyewe.

Ndiyo maana katika miaka ya 1970 wachezaji wa Hawaii walikuwa tayari wanatumia hanesi, yaani mkanda mpana wenye ndoano mbele. Ndoano inashika kamba iliyofungwa kwenye mpini, na tanga linaanza kuvutana na uzito wa mwili mzima badala ya vidole. Mabaharia wa Lamu wanaijua siri hiyo kitambo. Mashua ikilazwa na upepo, ubao hutolewa nje upande upepo unakotoka, na watu wanaukalia. Hakuna anayewaambia wanadanganya kwa sababu wametumia uzito badala ya misuli.

Sasa, hanesi gani? Ziko aina mbili kuu. Ya kukalia ina mikanda ya mapajani, ndoano yake iko chini karibu na nyonga, haipandi, na inaupunguzia mgongo mzigo. Anayeanza kwa kawaida huelekezwa hapo. Ya kiunoni ina ndoano ya juu zaidi na inaacha miguu huru, kwa hiyo wanaopenda mawimbi na kuruka huichagua. Lakini isipokutosha itapanda hadi kwenye mbavu, na utajuta. Angalia pia chuma kinachobeba ndoano. Kikiwa kirefu mno, mikanda itafika mwisho wa kukazwa kabla haijakubana. Ukishaivaa lazima ibaki nafasi kidogo kila upande, kwa sababu ikilowa inalegea na utataka kuikaza tena.

Na usiichague ukiwa umesimama mbele ya kioo. Omba kamba ifungwe juu mahali imara, tundika ndoano, kisha ning'inia. Kaa hapo dakika kadhaa. Mbavu zinasema nini? Nyonga je? Jaribio hilo linauuliza mwili, haliulizi bei wala rangi. Watu wawili wenye urefu sawa wanaweza kuning'inia kwenye hanesi ileile, mmoja akatabasamu na mwingine akakosa pumzi. Starehe ya mwenzako huwezi kuiazima.

Hapa ndipo wapenda maumivu wanaposimama. Wanasema starehe ni jambo moja na usalama ni jambo lingine. La pili ni la lazima, la kwanza ni anasa. Mimi naona hawajapanda matatu siku nyingi.

Februari 2004 zilianza kutekelezwa kanuni ambazo sote tunaziita za Michuki, na kila kiti cha matatu kikatakiwa kuwa na mkanda. Leo panda gari uangalie. Mkanda mmoja umekunjwa chini ya kiti. Mwingine umekauka jasho la watu wa miaka mingi. Mwingine ni mfupi, haukufiki. Gari likikaribia polisi, makanga anaita, "Mikanda, watu wangu!" na abiria wanaulaza mapajani kama kitambaa cha mezani. Polisi akipita, mkanda unaanguka. Helmeti ya abiria wa boda nayo ni hivyohivyo: sheria inamtaka aivae, lakini imevaliwa na vichwa vya mtaa mzima na inazunguka kama sufuria, basi inabaki imening'inia kwenye usukani. Tunapenda kusema Wakenya hatupendi sheria. Labda. Lakini kinga isiyovalika si kinga, hata kama imelipiwa na kukaguliwa. Starehe ndiyo inayoamua kama kifaa kitakuwa mwilini siku ya siku.

Kuna pingamizi zito zaidi, na silipuuzi. Mwaka 1975 mwanauchumi Sam Peltzman alichapisha hoja kwamba dereva wa Marekani aliyewekewa vifaa vya usalama kwenye gari huendesha kwa ujasiri zaidi, na ujasiri huo unakula faida ya vifaa. Wasomi wanabishana naye hadi leo kuhusu kiasi gani kinaliwa, lakini wazo lenyewe linaeleweka. Hanesi nzuri ikikuwezesha kukaa majini saa nzima badala ya dakika chache, imekupeleka mbali zaidi na ufuo. Tena ukiwa umetundika ndoano na upepo ukaja kwa ghafla, tanga linaweza kukurusha mbele pamoja nalo, kichwa kikaelekea kwenye mlingoti. Starehe ileile imezaa hatari yake.

Jibu la hatari hiyo, kwa maoni yangu, ni kujua kila kifaa kinaahidi nini na kinanyamazia nini. Kuivua kinga hakutatui kitu. Helmeti ya michezo ya maji ni ya pigo hilo la mlingoti, na inafaa tu kama haizunguki ukitikisa kichwa. Fulana nene ya kukinga mbavu inafanana kabisa na jaketi la kuelea, lakini nyingi hazikutengenezwa kwa kazi ya kukuelea. Hata fulana ya kuelea yenye alama ya nyutoni 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Ukizimia, usitegemee ikugeuze uso juu. Anayevaa bila kujua hayo amevaa matumaini. Viatu vya mpira navyo vinaonekana ushamba, mpaka maji yapwe na ushukie kwenye mwamba wenye viumbe vya miiba.

Lakini si kichwa ni changu? Nikitaka kukipasua, nani anahusika? John Stuart Mill aliandika mwaka 1859 kwamba jamii ina haki ya kumlazimisha mtu ili kuzuia madhara kwa wengine tu. Mema yake mwenyewe hayatoshi kuwa sababu. Nampenda Mill. Ila bahari ina namna ya kumharibia hesabu. Kiungo cha mlingoti kikikatika nje ya mwamba, kuna mtu ufuoni atakayewasha boti kuja kukutafuta, naye ana watoto nyumbani. Hatari ni yako mpaka pale mwingine anapolazimika kukufuata.

Na mtu huyo ndiye anayenifikisha kwenye jambo linalonikera. Chukua mfano wa mwalimu wa mchezo huu kwenye ufuo wowote wa kitalii. Mgeni aliyekuja wiki moja anapewa helmeti inayomtosha na hanesi iliyopimwa. Mwalimu, anayeingia majini kila siku msimu wa kaskazi na msimu wa kusi, anavaa mtumba ulioachwa na mgeni wa mwaka juzi, sponji imekufa, mkanda umefungwa kwa fundo. Ukiuliza, jibu ni neno moja: "Amezoea."

Manze, neno hilo lina kazi nyingi sana nchini. Mama wa sokoni anayebeba gunia kwa kamba ya kichwa, amezoea. Mjengo bila glavu, wamezoea. Mimi niliacha chuo na sasa naishi kwa kuandika makala za vibarua. Malipo yakikawia miezi miwili, naambiwa nitazoea. Kama starehe ni sehemu ya usalama, basi kumnyima mtu kifaa kinachomtosha ni kumwambia kwamba mwili wake una bei nyingine, hata kama mhasibu anaita hayo kubana matumizi. Na kusema amezoea ni kuyatumia maumivu yake kama ushahidi kwamba hayaumi.

Kwa hiyo naomba tutenganishe maumivu ya aina mbili. Yako maumivu ya kazi yenyewe: kuanguka mara hamsini, chumvi machoni, mapaja yanayotetemeka kwa sababu yanajifunza. Hayo yana kitu cha kukupa, na asiyeyataka atafute mchezo mwingine. Kisha yako maumivu ya kifaa kibaya: chuma kinachochoma ubavu, mkanda unaochubua. Hayo hayafundishi kitu. Yanakula nguvu ambazo ungetumia kujifunza, kisha yanakufanya uamini wewe ndiye dhaifu. Kuyavumilia ya kwanza ni adabu. Kuyavumilia ya pili ni kumfanyia mtu mwingine akiba, na kumtaka mwenzako ayavumilie kwa niaba yako ni dhuluma.

Kama siku moja utachagua hanesi, kuna jambo moja zaidi la kupima: jinsi inavyoachia. Ukiwa umesimama juu ya ubao, ukikunja mikono na kuuleta mpini kifuani, kamba inapaswa kudondoka kwenye ndoano bila kubembelezwa. Lakini chini ya tanga, majini, kamba inaweza kujisokota, na hapo utahitaji kufungua mkanda wenyewe. Kwa hiyo fanya mazoezi kwenye mchanga mkavu, kwa mkono mmoja, macho umefumba. Isipofunguka hapo, mwachie mwenye duka, hata kama imekukaa vizuri namna gani.