Beki Aliyebaki



Vijana wetu wa Mvumi wanamfahamu Nadir Haroub, aliyeitwa Cannavaro kwa jina la yule beki wa Italia. Alitoka Zanzibar, akajiunga na Yanga mwaka 2006, akawa nahodha wake, akaichezea mpaka 2018. Beki hasifiwi sana. Magoli hufunga wengine, naye hukumbukwa siku aliyokosea. (Wanaofagia kanisa wanaijua habari hiyo.)

Mwaka 2016 unahodha wa Taifa Stars ulipewa Mbwana Samatta, aliye mdogo kwake, na Nadir akaiaga timu ya Taifa. Kuvuliwa cheo ni jambo zito kwa mtu yeyote. Tumewaona wazee wa kanisa waliokosa kura wakihamia viti vya nyuma, kisha wakatoweka kabisa. Lakini Yanga hakuiacha; alipovua jezi alikuwa meneja wa timu, akiwahudumia waliocheza baada yake.

Musa alimwekea Yoshua mikono mbele ya mkutano wote, naye angali hai (Hesabu 27). Sisi tuliokaa miaka mingi katika halmashauri ya mtaa, tumemwekea nani mikono? Funguo za kanisa bado zimo mifukoni mwetu.