Moyo upi unaotulizwa kwa dhikri?

Likizo iliyopita nilipewa nafasi ya kuzungumza kwenye darsa ya akina mama mtaani kwetu Buyenzi. Nikachagua mada ya moyo. Niliisherehesha ile aya ya Suratu Raad inayotaja kutulia kwa nyoyo kwa kumkumbuka Allah, na kwa jazba ya kijana aliyetoka masomoni nikaongeza la kwangu: kwamba mwenye dhikri ya kweli hana haja ya vidonge vya kutuliza moyo. Watu wakaleta takbira. Bibi yangu alikuwa mkeka wa mbele kabisa. Usiku ule ule akavifungia vidonge vyake kabatini, na wiki haikuisha tukamkimbiza hospitali, mapigo yakienda mbio na pumzi zikimkatika.

Amepona, alhamdulillahi. Daktari aliuliza ni nani aliyemwambia aache dawa ghafla. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na sikujibu.

Ndugu zangu, aya ni haki, hilo halina mjadala. Basi kosa lilikuwa kwangu, nami nikataka kujua ni kosa gani hasa. Imam Ghazali, anapoanza kitabu cha maajabu ya moyo ndani ya Ihya, anatenganisha maana mbili za neno hili. Kuna pande la nyama upande wa kushoto wa kifua, ambalo mnyama analo na hata maiti analo, na hilo ni shughuli ya matabibu. Na kuna ile latifa ya kiroho inayojua, inayosemeshwa na kuhesabiwa. Nilikuwa nimeisoma sehemu hiyo na kufanyia mtihani. Juu ya mimbari ya mkeka nikazichanganya mbili hizo kama hazina mpaka.

Mwenzangu wa kitivo cha tiba ndiye aliyenionyesha upande wa nyama. Alinisimulia habari za Robert Lefkowitz, daktari wa moyo, Myahudi aliyezaliwa New York mwaka 1943. Alipoanza utafiti, wataalamu wengi walikuwa na shaka kama juu ya seli kweli kuna vipokezi, yaani milango inayopokea ujumbe wa homoni. Alibandika iodini yenye mionzi kwenye homoni, akafuatilia mionzi ile aone inanasa wapi. Kisha kwa miaka mingi, katika Chuo Kikuu cha Duke, akavishughulikia vipokezi vya adrenalini. Mwaka 2012 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Brian Kobilka, aliyewahi kuwa mtafiti katika maabara yake.

Jambo lililonikamata ni hili. Moyo ukidhoofika, mwili huupigia kelele kwa adrenalini ili usukume damu zaidi. Kelele zikizidi, seli hujikinga: protini iitwayo arestini hukikalia kipokezi kikaacha kuitika, na vipokezi vingine huondolewa juu ya seli. Dawa za aina ya bibi huziba mlango kelele zisipite. Kwa miaka mingi madaktari walionywa wasimpe mgonjwa wa moyo dhaifu dawa hizo, mpaka majaribio ya miaka ya 1990 yalipoonyesha kwamba wanaozitumia wanakufa wachache zaidi. Lakini mlango ukizibwa muda mrefu, seli huongeza vipokezi. Ukiiondoa dawa kwa mara moja, adrenalini inakuta milango mingi iko wazi. Hicho ndicho kilichompata bibi, na wala si upungufu wa imani yake. Nyuradi zake hajawahi kuziacha.

Nakiri kwamba nilipoyasikia haya nilianza kutunga mawaidha mengine kichwani: moyo unaoitwa sana hufa ganzi, kama wa mwenye kuzoea dhambi. Mfano mtamu! Nikajizuia. Seli inayojikinga haijaasi kitu, na mgonjwa akiusikia mfano ule atarudi nyumbani akijiona fasiki. Ningekuwa nazichanganya tena nyoyo mbili, ila safari hii kwa maneno ya kitaalamu.

Wengine kati yetu huona kwamba anayeieleza nyama kwa protini anaipunguzia hadhi ile latifa. Sioni hivyo. Ghazali huyo huyo aliihesabu tiba kuwa faradhi ya kutoshelezana, akalaumu kwamba miji mingi haina tabibu ila ahlu dhimma, huku watu wakigombania fiqhi. Mimi ni miongoni mwa hao wagombaniaji, tena mwenye kusoma fiqhi bila kujua mwisho wake. Katika Sunan ya Abu Daud kuna habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, wenzake wakamfutu kwamba hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Mtume, rehma na amani zimshukie, aliwahesabu kuwa wamemuua, akawalaumu kwa kutouliza. Wale hawakukusudia ubaya. Mimi pia sikukusudia.

Kabla ya kurudi chuoni niliomba darsa moja zaidi. Nikasimama mbele ya akina mama wale wale, nikayarudisha maneno yangu moja moja, bibi akiwa mkeka wa mbele na tasbihi yake mkononi. Hakukuwa na takbira. Mama mmoja akanyoosha mkono akauliza kama yeye, mwenye sukari na presha, anaweza kufunga huku akihamishia vidonge vyake daku. Nikamwambia sijui, twende kwa daktari kesho asubuhi, nitakusindikiza.