Kitambaa Kilicho Sandukuni

Mama mpendwa, kile kitambaa cheupe cha meza ulichoanza kumdarizia mama mkwe, je, bado kiko sandukuni, sindano imeshika kutu ndani yake? Pengine ulikiweka siku mlipokosana. Kitoe leo. Doa la kutu lipake maji ya limau na chumvi, ukianike juani, kisha ukifue. Chukua sindano mpya, udarizi ua moja kila jioni. Haba na haba hujaza kibaba. Nawe baba, usimcheke. Waogeshe watoto ili apate nusu saa. Amri ya nne ya Mungu yatuagiza kuwaheshimu baba na mama, na wazazi wa mwenzako ni wazazi wako. Kikiisha, mpelekeeni pamoja. Msingoje yeye aanze kunena.