Deni la Kauli

Wafanyabiashara wa Kariakoo wana desturi ya mali kauli: mtu huchukua bidhaa leo kwa ahadi ya kulipa baadaye, na dhamana yake ni neno tu. Januari 2021 Rais Magufuli alizitilia shaka hadharani chanjo za korona. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo, Rais Samia alichanjwa Ikulu, Dar es Salaam, akiwahimiza wananchi nao wachanjwe. Kugeuza kauli si aibu. Ukweli ukidhihiri, ni wajibu. Lakini duka ni lilelile, ingawa muuzaji amebadilika: likiinadi leo bidhaa liliyoikashifu jana, linadaiwa maelezo. Basi raia aliyesita tusimwite mjinga. Aliiamini kauli ya kwanza kwa kuwa ilitoka Serikalini. Ya pili ilipaswa kuanza kwa kukiri kosa la ile ya kwanza.