Miaka Miwili Tu, Mzee

Swali hili limenifikia mara tatu sasa, na kila mara limeletwa na mtu ninayempenda. Mzazi ana kijana anayekimbia vizuri. Kuna mtu amemwambia kwamba kijana anaweza kupata chuo kikuu Marekani, alipiwe karo, chakula na malazi, asome huku akikimbilia timu ya chuo. Shida ni moja, umri. Basi mzazi anakuja kwangu kwa sababu mimi ndiye ninayetunza rejista ya watoto waliowekwa wakfu hapa kanisani, na anaomba barua. Barua iseme mtoto aliletwa madhabahuni miaka miwili baada ya ile iliyoandikwa, ili ikasaidie kubadilisha cheti cha kuzaliwa. "Miaka miwili tu, mzee. Kwani nani ataumia?"

Msianze kuangaliana huko kwenye viti. Mambo ya wazazi hawa nimeyachanganya makusudi ili asijulikane yeyote, na wote watatu nimeongea nao uso kwa uso. Naandika kwa sababu swali lenyewe ni swali la kweli. Halijatoka kwa watu waovu. Na lile jibu letu la haraka, kwamba uongo ni dhambi basi tuombe, sidhani linamfikia mama aliyeuza mbuzi ili mtoto apate viatu vya mbio.

Kwanza tukubali kwamba huyu mama haoti ndoto. Mlango upo. Samson Kimobwa na Henry Rono walitoka Bonde la Ufa wakaenda chuo kikuu cha Washington State. Mwaka 1977 Kimobwa akavunja rekodi ya dunia ya mita 10,000, na mwaka 1978 Rono, akiwa bado mwanafunzi, akavunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, alisoma Marekani mpaka akapata shahada ya uzamifu, kisha mwaka 2004 yeye na Mmarekani John Manners wakaanzisha mpango wa KenSAP wa kuwasaidia Wakenya waliofaulu vizuri KCSE kuingia vyuo vikubwa vya huko. Sisi hapa si Iten, joto letu mnalijua, lakini kuanzia mwaka 2000 watu wanakimbia marathoni ya Lewa kila mwaka hapo jirani, na vijana wetu wanaiona. Asubuhi na mapema ukipita barabara ya Moyale utawakuta wakikimbia pembeni, wengine na viatu, wengine na malapa.

Umri unaingiaje? Kocha wa chuo akiona kijana wa miaka 17 na wa miaka 20 wenye muda uleule katika mita 5,000, atamtaka wa 17, kwa sababu huyo bado atakua. Tena vyuo vikubwa vya michezo kwa miaka mingi vimekuwa vikihesabu muda uliopita tangu mtu amalize shule ya upili. Na mashindano ya chini ya miaka 20 ndiyo wanakoonekana wengi. Ajenti anayajua haya yote. Ndiye anayesema "tengenezeni karatasi", halafu yeye mwenyewe hatii saini popote. Saini zinazotafutwa ni za mama, za chifu na za kanisa.

Katika Biblia kuna mama aliyefanya jambo hili karibu kabisa. Rebeka alitaka baraka ya mzaliwa wa kwanza imwendee Yakobo, aliyekuwa mdogo. Akamvika nguo za kaka yake, akamfunga ngozi za mbuzi mikononi na shingoni, akampa chakula ampelekee baba asiyeona. Yakobo alipoogopa, mama akasema laana yoyote imwangukie yeye. Hebu fikiria upendo huo! Mimi simdharau Rebeka hata kidogo. Lakini ukiendelea kusoma utaona mambo mawili. Yakobo ilibidi akimbie nyumbani, na hakuna mahali Maandiko yanasimulia kwamba mama na mwana walionana tena. Na huko alikokimbilia, mjomba wake Labani akampa Lea usiku mahali pa Raheli, na kisingizio chake kilikuwa kwamba mdogo haozwi kabla ya mkubwa. Yaani aliyebadilisha nafasi ya kuzaliwa akadanganywa kwa mambo yaleyale ya mkubwa na mdogo. Mama alisema laana imwangukie yeye. Haikuwa katika uwezo wake kuipangia njia.

Sasa kuna ndugu mmoja, msomaji mzuri wa Neno, aliyenipinga. Alisema, na wale wakunga wa Misri je? Shifra na Pua walimwambia Farao maneno ambayo hayakuwa kweli ili watoto wa Kiebrania wasiuawe, na Mungu akawatendea mema. Kama uongo wa kuokoa mtoto ulikubalika, umaskini wa Chechelesi si Farao pia?

Hiyo ni hoja yenye nguvu na sitaki kuipita haraka. Kuna mzazi ambaye umaskini umemkaba kweli, na mtu aliyeshiba hana haki ya kumhubiria ovyo. Lakini tuangalie wakunga walifanya nini. Walimdanganya muuaji, na hatari ikawa juu ya shingo zao wenyewe. Hakuna mtoto aliyepoteza kitu ili mwingine aishi. Barua ninayoombwa mimi haifanani na hiyo. Nafasi za chuo zinahesabiwa. Timu ikimchukua kijana mmoja kwa sababu eti ana miaka 17, kuna mwingine mwenye miaka 17 ya kweli, pengine wa Kapsabet, pengine wa Marsabit, ambaye barua pepe yake haitajibiwa. Hatujui jina lake, na ndiyo maana ni rahisi kusema hakuna atakayeumia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua hautoki kwenye riadha. Unatoka kwenye besiboli, mchezo ambao hapa wengi hatuujui. Ni mchezo wa kurusha mpira mdogo mgumu kwa mtu aliyeshika gongo, na mrushaji ndiye moyo wa timu. Mwaka 2001, katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani, alitokea mrushaji anayeitwa Danny Almonte, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, akichezea timu ya Bronx. Katika mechi dhidi ya watoto wa Apopka, Florida, hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Kati ya wapigaji 18 aliwaondoa 16 yeye mwenyewe kwa mirusho yake. Mwisho wa umri ulikuwa miaka 12. Baadaye ikagunduliwa kwamba alikuwa na 14. Alizaliwa 1987, cheti kikasema 1989, na karatasi hiyo ilikuwa kazi ya baba yake.

Miaka miwili tu.

Ushindi wote wa timu ukafutwa, pamoja na wa wale wenzake ambao umri wao ulikuwa sawa. Baba akafungiwa maisha. Mtoto hakuadhibiwa, ilionekana wazi kwamba wakubwa ndio waliompeleka. Lakini jina lilibaki lake. Aliendelea kurusha mpira shule ya upili, akafika chuo kidogo cha Oklahoma, na ligi kuu hakuiona. Sisemi hakufika kwa sababu ya cheti, wengi hawafiki hata bila kosa. Nasema tu kwamba mpaka leo, mtu akitaja jina hilo, kinachokumbukwa ni karatasi, ilhali mkono ule ulikuwa na kipaji cha kweli kutoka kwa Mungu.

Karibu na kwetu kuna kisa kinachonisumbua zaidi. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda eneo la Mashariki ya Kati na Afrika katika besiboli hiyohiyo, wakapata haki ya kwenda Williamsport. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi. Wakanyimwa viza, kwa sababu tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi zao hazikupatana. Nafasi yao wakapewa watoto wa timu ya Dhahran, Saudi Arabia, waliowashinda. Januari 2012 timu ya Langley kutoka Kanada, ambayo ingekutana nao kule, ilisafiri mpaka Uganda ili wacheze hata hivyo, na Waganda wakashinda 2-1. Mwaka huohuo timu nyingine, ya Lugazi, ilifuzu, ikapata viza, ikaenda.

Mimi sihukumu karatasi za Kampala. Katika nchi zetu karatasi zisizopatana si lazima ziwe za uongo. Hapo ndipo Isiolo inapoingia, wapendwa. Ni watoto wangapi wetu walizaliwa nyumbani, mkunga akiwa shangazi, na cheti kikatafutwa siku mtoto anataka kusajiliwa shule? Wangapi wameandikwa Januari 1 kwa sababu karani alihitaji tarehe? Nyanya wa Kiturkana au wa Kiborana anakumbuka ukame, anakumbuka mahali ng'ombe walipokuwa. Hiyo ni elimu, si ujinga. Lakini ofisa wa viza aliyeko Nairobi hana njia ya kuupima ukame wa nyanya. Anachoweza ni kumwamini anayeuandika, au kutomwamini. Mtoto wa namna hii hana mali nyingine pale dirishani isipokuwa kuaminika kwa watu waliomshuhudia: chifu, mwalimu, kliniki, kanisa.

Nikiandika barua moja ya uongo, kwa hiyo, sijamsaidia kijana mmoja bure. Nimetumia mali ya yule mwingine ambaye kweli hana tarehe. Siku ikijulikana kwamba kanisa la Chechelesi linauza miaka, barua zetu zote zinakuwa karatasi ya kufungia mandazi, pamoja na ile ya yatima ambaye hana ushahidi mwingine duniani. Hili ndilo lililoniamulia. Amri naijua tangu shule ya Jumapili, lakini huyu mtoto wa pili ndiye aliyenifanya nione amri inalinda nani.

Na tuulizane kidogo kuhusu shuhuda zetu. Mtu akisimama hapa mbele na kusema viza imetoka, tunapiga makofi na vigelegele kabla hajamaliza sentensi. Sijawahi kusikia mtu akiuliza mlango ulifunguliwa na nani. Kijana aliyeondoka na umri wa kuazima atapiga simu nyumbani akiwa na miaka 22 huku na 20 huko. Ndugu yake mdogo atakuwa sawa naye kwenye karatasi. Atashuhudia nini hasa?

Wazazi wawili walikubali barua ya kweli. Wa tatu alikasirika na hajarudi kwangu, ingawa namwona ibadani, na ninamwombea kwa jina. Kijana mmoja kati ya hao ametuma muda wake na alama zake kwa makocha kadhaa, na umri wake wa kweli, miaka 19. Mpaka wiki hii mmoja amejibu, akauliza kuhusu alama za hesabu. Hesabu ndiyo kazi iliyo mbele yake sasa, na mwalimu mmoja wa kanisa hili anamfundisha jioni bila malipo.

Kwa wale ambao tarehe haijulikani, hii si barua ya kuwatisha. Kutojua si kudanganya. Njooni tuandike kile mnachokijua na jinsi mnavyokijua. Kwenye rejista yetu kuna msichana ambaye mbele ya jina lake imeandikwa "takriban", halafu maelezo ya nyanya yake: alizaliwa wakati wa vurugu za uchaguzi, mwanzo wa 2008, kabla mvua ndefu hazijaanza, na aliyeshuhudia ametia kidole gumba. Mwaka jana alienda kuombewa cheti na ukurasa huo, pamoja na kadi ya kliniki. Niko ofisini Jumatano baada ya maombi ya mchana. Leteni kadi za kliniki kama zipo, na kama nyanya anaweza kutembea, mje naye.