Sinia Moja na Nduguyo



Jumapili baada ya Misa pita kwenye hoteli za hapa Geita mjini, au hata kule Katoro, utaona familia zimezunguka sinia moja. Ugali katikati, sato mzima wa kukaanga, mboga za majani, kachumbari, pilipili pembeni. Hakuna sahani ya baba wala sahani ya mtoto. Kwa Wasukuma jambo hili si geni: wanaume na vijana walikula pamoja pale shikome, kwenye moto wa jioni, na hapo hapo wazee wakawafundisha. Siku hizi kila mtu ana sahani yake na simu yake, halafu tunalipa hela hotelini ili tule kama babu zetu! Sisemi ni vibaya. Mimi nafurahi.

Ila sinia lina sheria zake. Mdogo ndiye anayeshika jagi kuwanawisha wakubwa. Unakula upande wako, huvuki kwenda kuwinda mnofu ulio mbele ya mwenzako. Mkubwa akiona mtoto kabaki na miiba, anamsogezea mnofu bila kusema neno. Fungua Yoshua bin Sira sura ya 31, kitabu ambacho wengi wetu hatukigusi, utakuta anaonya juu ya jicho lenye uchu mezani na mikono inayogombania chakula. Anataka umfikirie jirani yako kwa kujitazama wewe mwenyewe.

Sheria iliyo ngumu kuliko zote haijaandikwa popote: ni vigumu mno kula sinia moja na mtu msiyesemeshana. Kwenye sahani yako unaweza kununa mpaka ukashiba. Kwenye sinia mikono inakutana.

Na huku kwetu sababu za kununiana tunazijua. Dhahabu. Ndugu wawili wanaingia duara moja, tuseme Nyarugusu au Rwamgasa, wanakubaliana mgao wa mifuko ya mawe kwa mdomo tu. Mawe yakitoa, huyu anasema mifuko ilikuwa pungufu, yule anasema gharama za karasha alizibeba peke yake. Undugu unaishia hapo. Mama anabaki katikati, Krismasi anapika mara mbili: mmoja anakuja mchana, mwingine jioni. Kama kwenu ni hivyo, basi leo nazungumza na wewe.

Twende Alhamisi Kuu. Marko 14 anatuambia kwamba msaliti alikuwa mtu anayechovya pamoja na Yesu katika bakuli moja. Yohana 13 anaongeza kwamba Yesu mwenyewe alichovya tonge akampa Yuda. Jamani, sisi tungemnyima hata chumvi! Yesu alijua habari ya usaliti, na bado akammegea. Lakini angalia, hakujifanya haoni. Alisema wazi mezani kwamba kati yao kuna msaliti.

Hapo ndipo mahubiri mengi ya msamaha yananipa shida, kana kwamba kusamehe ni kusema mifuko ilikuwa sawa wakati haikuwa sawa. Hapana. Hesabu ifanyike, aliyedhulumu arudishe. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Ila Yuda aliinuka mwenyewe akaondoka, Yesu hakumfukuza kwenye meza. Na katika Mathayo 5, mwenye kudaiwa ndiye anayeambiwa aache sadaka yake altareni akapatane kwanza na nduguye. Kwa hiyo anayedai aache nafasi wazi, na anayedaiwa aanze safari. Hakuna anayeruhusiwa kukaa akimsubiri mwenzake.

Sisi wa Geita tunajua meza ikifungwa inakuwaje. Februari 2023, Kwaresima ndiyo kwanza imeanza, Kanisa Kuu la jimbo letu lilivamiwa na vitu vitakatifu vikaharibiwa. Askofu Flavian Kassala akalifunga kwa siku 20, mpaka tarehe 18 Machi, ili tufanye toba kwanza. Siku 20 bila Misa mle ndani! Sasa kuna familia zimefunga meza zao miaka mitano, sita, na hakuna aliyetangaza toba hata ya siku moja.

Kwa hiyo wiki hii usiandae hotuba. Piga simu: "Shikamoo kaka. Jumapili tukitoka Misa tunampeleka mama kula samaki. Njoo." Mifuko usiitaje. Mwache mdogo wenu awanawishe mikono. Hayo ya duara mtayaongea Jumatatu, akiwepo mzee mmoja mnayemheshimu wote wawili.

Asipokuja, agiza sinia lile lile, na upande wake usiuguse. Wakishashiba wote, omba wakufungie samaki wake, umpelekee kwake jioni ile ile.